Nani Alihesabu Ngiri za Pemba?

Ukianza kusoma historia ya ngiri barani Afrika, namba hii huwezi kuikwepa: kisiwani Pemba, robo ya wanaume au zaidi walikuwa na ngiri ya kinena. Makala moja inaichukua kwa nyingine, na hiyo nayo imeichukua kwingine, mpaka Pemba imekuwa mfano wa kudumu wa bara zima. Chanzo ni kimoja tu, ripoti fupi ya waandishi wawili iliyochapwa mwaka 1969 katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki. Namba iliyozunguka dunia miaka zaidi ya 50 bila mwenyewe kuulizwa hunitia shaka. Nani alihesabu, na alihesabu nini hasa?

Maktaba ya kwanza niliyoingia, Dar es Salaam, ilikuwa na majuzuu ya jarida hilo yamejaladiwa vizuri. Mwaka 1968 upo. Mwaka 1970 upo. Kati yao pana nafasi ya vidole vinne na vumbi. Mkutubi alidhani juzuu hilo lilipelekwa kwa mjaladi likasahaulika huko. Rafiki aliyenitafutia Nairobi, jarida lilikochapwa, hakuja na ripoti. Alikuja na orodha ya yaliyomo: kichwa, majina mawili, namba za kurasa. Kichwa kinataja ngiri katika kisiwa cha Pemba, si katika hospitali ya Pemba. Hiyo ni dalili tu, haijawa ushahidi. Je, walipita vijijini wakapima kila mwanamume, au walihesabu waliojileta wenyewe kwa daktari?

Tofauti hiyo si ndogo. Ukuta wa tumbo ni misuli na tando ngumu, lakini una sehemu dhaifu: kitovuni, kinenani, na popote kisu cha mpasuaji kilipowahi kupita. Msukumo wa ndani ukiushinda ukuta, mafuta au kipande cha utumbo hupenya na kukaa chini ya ngozi, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyotokeza pale tairi lilipochanika. Hiyo ndiyo ngiri, na karibu tatu kati ya kila nne za ukuta wa tumbo hutokea kinenani. Kubwa huonekana hata nguoni. Ndogo hujificha mtu akilala, na haijulikani mpaka asimame, akohoe, na kidole cha mpimaji kihisi msukumo. Anayesubiri hospitalini ataona kubwa zinazouma. Anayepita vijijini atakuta na zile ambazo mwenyewe hazijui. Kipimo cha kikohozi ni cha zamani mno. Papiri ya tiba ya Misri ya miaka 1550 hivi kabla ya Kristo inaeleza uvimbe wa tumbo unaotoka kwa kukohoa. Kama tabibu wa enzi za mafarao aliitambua kwa mkono mtupu, kwa nini niwatilie shaka watu wa 1969?

Kwa sababu ya busha. Pwani yetu, uvimbe wa mfuko wa korodani una wazazi wawili. Mmoja ni ngiri iliyoshuka kutoka kinenani hadi chini kabisa. Mwingine ni ngirimaji, yaani busha: maji yaliyojaa kuzunguka korodani, mara nyingi kwa sababu ya vimelea vya matende vinavyoenezwa na mbu. Unguja na Pemba mbu huyo alikuwa na shamba lake. Kampeni ya kugawa dawa kwa visiwa vyote ilianza mwaka 2001, miaka mingi baada ya hesabu yetu. Mitaani vyote viwili huitwa mshipa, na mwenye mshipa hapendi kuulizwa zaidi. Daktari hutenganisha kwa mambo machache. Busha huanza chini, na vidole vinaweza kushika juu yake. Ngiri haina juu, imeungana na tumbo. Tochi ikiwekwa nyuma ya busha gizani, mwanga hupita. Kwenye utumbo kwa kawaida haupiti. Je, mwaka 1969 kulikuwa na tochi?

Nikavuka kwa meli hadi Mkoani, Pemba, nikapanda gari la abiria kuelekea kaskazini, na hatimaye nikaketi mbele ya karani wa kumbukumbu katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikuwa mwema na hakuwa na matumaini. Daftari la upasuaji la zamani kuliko yote alilonionyesha lilikuwa la miaka ya 1980; yaliyotangulia yaliliwa na mchwa, au yalitupwa paa lilipovuja, kutegemea unamuuliza nani. Nililisoma hilo lililobaki. Jina, umri, kijiji, ugonjwa, upasuaji. Katika safu ya ugonjwa mwandiko mmoja unaandika ngiri, mwingine mshipa, wa tatu uvimbe wa kinena. Kwa daftari la namna hii huwezi kuhesabu chochote. Karani akaona nilivyonyong'onyea, akasema yuko muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji aliyefanya kazi na wageni wa zamani, ila siku hizo alikuwa shamba. Wakati namngoja arudi, ningefanya nini na namba isiyo na cheti cha kuzaliwa?

Nilianza kuzipima sababu zake. Namba ikiwa kubwa kiasi hicho, watu huitafutia maelezo, na maelezo ya kwanza yaliyoshika vitabuni yalilaumu mwili wenyewe. Ilisemwa kwamba nyonga ya Mwafrika ina mfupa wa kinena ulioshuka chini, kwa hiyo tundu la kinena ni pana na misuli haifiki kulifunika. Wapo waliopima na kuona kwamba umbo hilo huambatana na ngiri. Siwezi kulikataa lote. Lakini utafiti wa vijijini Ghana uliochapwa mwaka 1978 ulikuta ngiri kwa asilimia 8 hivi ya wanaume. Kama sababu ni mwili wa Mwafrika, mbona mwili huohuo ulitoa namba ndogo namna hiyo upande wa pili wa bara?

Maelezo ya pili ndiyo niliyoyasikia kila kibarazani: mizigo. Pemba ni kisiwa cha karafuu. Mwanamume hupanda mkarafuu, huvuta tawi, hushuka na pakacha, hubeba gunia. Nani asiyepasuka? Maelezo haya yana ukweli ndani yake. Uchunguzi wa wafanyakazi wa Denmark ulionyesha kwamba kusimama kutwa na kunyanyua vizito kila siku huambatana na aina moja ya ngiri ya kinena. Kikohozi sugu nacho kimo katika orodha, na kukamua choo au mkojo kwa nguvu, na zaidi ya vyote historia ya ukoo. Ila mizigo peke yake haitoshi. Mwanamke wa Pemba hubeba ndoo ya maji, kuni na mtoto mgongoni, na bado ngiri ya kinena kwake ni nadra. Makadirio yanayotumika sana, ya Uingereza, ni kwamba wanaume 27 kati ya 100 watafanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena maishani, na wanawake 3 tu. Na vipi kuhusu kichanga aliyezaliwa nayo, amebeba gunia gani?

Kichanga ndiye anayefumbua. Korodani hutengenezwa ndani ya tumbo, na katika miezi ya mwisho ya mimba hushuka hadi mfukoni kwa kupitia kinenani, zikivuta nyuma yao mfereji mdogo wa utando. Mfereji huo unatakiwa ujifunge. Usipojifunga, mlango umebaki wazi, na utumbo unaweza kuutumia mwezi wa pili au mwaka wa sitini. Wengine mfereji wao hujifunga vizuri, lakini uzee ukalegeza ukuta ulio nyuma yake. Mzigo humkuta mtu mlango wake uko tayari. (Madafu, ambayo pwani nzima huyashutumu kwa mabusha, sikuyapa nafasi, anywaye dafu hupeleka maji tumboni na kibofuni, si kwenye korodani.) Sasa, kama mlango huo ni wa wanaume wote duniani, je, Pemba ilikuwa na ngiri nyingi kweli, au ilihesabiwa tu?

Jibu la karibu zaidi nililipata mbali. Mwaka 1978 ulichapwa utafiti wa magharibi ya Jerusalem, ambako wanaume wa miaka 25 na kuendelea walipimwa mmoja mmoja, si kwa kungojewa hospitalini. Waliokuwa na ngiri ya kinena wakati huo walikuwa 18 kati ya 100. Ukijumlisha waliokwisha kupasuliwa wakapona, wanafika 24. Miongoni mwa wazee wa miaka 75 na zaidi walikaribia nusu. Nilisoma aya hiyo nikairudia. Ishirini na nne kati ya mia ni robo, tena katika mji usio na mikarafuu wala mbu wa matende. Robo ya Pemba, iliyotumika kama ajabu ya kisiwa, inaweza kuwa robo ya kawaida ya wanaume waliopimwa kwa makini. Kama ni hivyo, kitu gani kiliwafanya wageni wa 1969 washtuke kiasi cha kuandika?

Nadhani walishtushwa na ukubwa na umri wa ngiri zenyewe. Jerusalem, sehemu ya ile robo ilikuwa makovu yaliyopona. Pemba, ngiri ilikaa na mtu miaka kumi, ishirini, ikashuka mpaka gotini. Na tiba ilikuwapo duniani. Mwaka 1884, Padua nchini Italia, mpasuaji mmoja alianza kufungua mfereji wote wa kinena, kuukata mfuko wa ngiri, kisha kushona misuli kwa tabaka ili kujenga upya ukuta wa nyuma. Alipochapisha matokeo mwaka 1890, upasuaji zaidi ya 260, ngiri zilizorudi zilikuwa chache kuliko alivyotarajia mtu yeyote wa zama zile. Tatizo la mshono ni mvutano: unavuta misuli miwili isiyotaka kukutana, nyuzi zinakaza, wengine hurudi na uvimbe uleule. Njia ya kushona iliboreshwa Toronto katikati ya karne ya 20, na bado ipo. Lakini miaka ya 1980 mpasuaji wa Los Angeles aliacha kuvuta. Aliweka wavu laini wa plastiki juu ya udhaifu, akauacha mwili uoteshe nyama ndani ya matundu yake, na mwaka 1989 akaripoti wagonjwa 1,000. Kuanzia hapo wavu ndio uliotawala. Wavu huo wa kiwandani, uliogharimu dola zaidi ya 100, ungefikaje kijijini?

Hapa njia ilinirudisha Afrika Mashariki nisivyotegemea, na mkononi ilinishikisha chandarua. Wapasuaji nchini India walikuwa wameanza miaka ya 1990 kukata chandarua kisicho na dawa ya mbu, kukichemsha kwa mvuke wa shinikizo, na kukitumia badala ya wavu wa kiwandani. Niliposikia habari hiyo nilijua itapingwa, na nilikuwa upande wa wapingaji. Kisha Januari 2016 ikachapwa ripoti ya jaribio la mashariki mwa Uganda. Wanaume 302 waligawanywa kwa kura: nusu wavu wa kiwandani, nusu wavu wa chandarua wa bei ya dola moja hivi. Baada ya mwaka, ngiri iliyorudi katika kundi la chandarua ilikuwa moja. Katika kundi la kiwandani hakuna. Matatizo madogo baada ya upasuaji yalilingana, karibu watu 30 kati ya 100 kila upande. (Asifikiri mtu kwamba chandarua cha kitandani kinafaa hivyo kilivyo, aina ya uzi, usafishaji na kutokuwa na dawa ya mbu ndiyo kazi yote.) Kama bei imeshuka hivyo, kuna haja ya kila mwenye ngiri kukimbilia kisu?

Si kila mmoja. Marekani walifuatilia wanaume 720 wenye ngiri isiyowasumbua au inayowasumbua kidogo, wengine wakapasuliwa, wengine wakangojea chini ya macho ya daktari. Matokeo ya 2006 yalituliza wengi: kati ya waliongoja, ngiri ya kunasa ghafla ilitokea kwa chini ya watu wawili katika kila 1,000 kwa mwaka. Walipofuatiliwa hadi miaka kumi, karibu theluthi mbili walikuwa wameomba kupasuliwa wenyewe, zaidi kwa sababu ya maumivu. Kungoja kwa namna hii ni kuahirisha kwa akili, mtu akijua anachokiangalia. Na kisu nacho kina gharama zake: mmoja kati ya kila kumi hivi hubaki na maumivu ya muda mrefu kinenani. Lakini wale wa Marekani walikuwa na hospitali mwendo mfupi kwa gari. Mvuvi wa kisiwa kidogo pembeni ya Pemba, ngiri ikimnasa saa nane usiku na upepo umechachamaa, angengojea wapi?

Kwa sababu ikinasa, muda ni mfupi. Uvimbe uliokuwa ukirudi unagoma kurudi. Unakuwa mgumu na unauma bila kuachia. Tumbo linajaa, mtu anatapika, hapati choo wala hewa. Ngozi juu yake inaweza kubadilika rangi, na homa ikapanda. Hapo utumbo umekabwa na damu haifiki. Ndani ya saa chache unaanza kufa, na mwenye nao atafuata asipopasuliwa. Hakuna kusukuma kwa nguvu, hakuna kukanda, ni hospitali usiku huohuo. Wanawake wana hatari yao: ngiri ya paja, inayotoka chini kidogo ya mkunjo wa kinena, ni nadra lakini hukaba upesi, ndiyo maana madaktari hawapendi kuiacha. Ngiri ya kitovu ya mtoto ni kinyume chake. Nyingi hujifunga zenyewe kabla ya miaka minne au mitano, na sarafu inayofungiwa juu yake haisaidii kitu. Kama alama za hatari ni rahisi hivi kuzikumbuka, wagonjwa wanachelewa wapi?

Chake Chake, jirani na soko, nilisimama mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani: dawa ya ngiri, mshipa, nguvu za kiume, bila kupasuliwa. Muuzaji alinipa chupa ya unga wa mizizi niinuse. Nilimwuliza kwa adabu unga unafungaje tundu. Akajibu kwamba unakausha. Tundu la ukuta wa tumbo la mtu mzima halikauki wala halizibwi na kinachonywewa. Hilo ni suala la mshono au wavu. Hata mkanda wa kiunoni, ambao Ulaya iliutegemea karne nyingi kabla ya ganzi, hushikilia tu, na ukifungwa juu ya ngiri isiyorudi unadhuru. Muuzaji hakukasirika. Aliniambia wengi wanaokuja kwake hawaogopi kisu, wanaogopa jambo moja wanalolisikia: kwamba ukipasuliwa kinena, uume umekwisha. Nani aliwaambia hivyo, wakati nguvu za kiume hazipiti katika ukuta unaoshonwa?

Swali hilo nilimpelekea muuguzi mstaafu, aliyekuwa amerudi kutoka shamba na kunikaribisha ukumbini kwake kwa kahawa na halua. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akacheka aliposikia habari ya juzuu lililopotea. Tochi zilikuwapo, alisema. Wageni hawakuwa wajinga, na waliogopa kufungua busha wakidhani ni ngiri kuliko mimi ninavyoogopa. Hilo lilininyang'anya shaka yangu kubwa, ingawa kumbukumbu ya mtu mmoja siwezi kuifanya takwimu. Juu ya uume alikuwa na maelezo yake. Mtu aliyekaa na ngiri miaka ishirini huja korodani imebanwa muda mrefu, amekwisha kuwa mtu mzima, pengine sukari imemwanza. Anapasuliwa, nguvu zinapungua kama zilivyokuwa zikipungua, na lawama inaangukia kisu. "Wangekuja mapema, nani angekuwa na hadithi?"

Nilimwuliza wangekuja mapema kwa nani. Mwaka huo wa 1969, wapasuaji kisiwani walihesabika kwa vidole. Akanikumbusha kwamba si lazima awe daktari bingwa. Tanzania Bara ilianza mwaka 1963 kuwafunza madaktari wasaidizi, na hao ndio waliobeba upasuaji wa wilaya kwa miongo mingi. Nilimsimulia jaribio la Sierra Leone lililochapwa mwaka 2021. Wanaume zaidi ya 200 walishonewa ngiri kwa wavu, wengine na madaktari, wengine na matabibu waliofunzwa kazi hiyo, na kazi ya matabibu haikuwa pungufu. Mgonjwa mwenye ngiri ya kawaida huchomwa ganzi ya mahali au sindano ya mgongoni, na mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Upasuaji wa matundu madogo kwa kamera una faida zake, hasa ngiri ikiwa pande zote mbili au imerudi, lakini unataka nusukaputi, vyombo na fundi mzoefu. Kwa nini basi tunazungumza kama kwamba uchaguzi ni kati ya mizizi na hospitali ya ng'ambo?

Bibi hakulijibu hilo. Alikuwa akinitazama nilivyokaa, mkono mmoja umeegemea kiuno kama ninavyokaa siku zote. Akaweka kikombe chini. Mwanamume mmoja katika kila wanne, ndivyo unavyosema? Nikakubali, nikaongeza kwamba labda ni zaidi kwa waliofika umri wangu. "Sasa umepita maktaba, umepita bandari, umemhoji na muuza dawa," akasema. "Wewe mwenyewe, mwanangu, umeshakohoa mbele ya nani?"